Uliza Ujibiwe: Karate, kudansi na kuimba, lazima nichague kimoja?

Shikamoo Anko. Mimi ni kijana wa miaka 22, naishi Chang'ombe hapa Dodoma. Karate nimeanza nikiwa la nne, nacheza staili ya Goju-ryu na nina mkanda wa kahawia, alafu nipo kwenye kundi la kudansi, tunapiga shoo kwenye maharusi na sendofu, na kuimba naimba mwenyewe, nyimbo mbili nimesharekodi studio kwa mshkaji. Sasa kila mtu ananiambia nichague kimoja. Sensei, yaani mwalimu wangu wa karate, anasema kudansi kunaniharibia misimamo, prodyuza anasema mateke hayauzi muziki, mama ndo kabisa anataka nikasome uhasibu. Hivi kuna mtu amewahi kuishi kwa kuchanganya hivi vitatu au najidanganya? Na kama yupo, nianzie wapi?
Mkanda wa Kahawia, Chang'ombe

Marahaba mwanangu. Hujidanganyi, watu wapo tena wakubwa. Bruce Lee ambaye picha yake iko kwenye ukuta wa kila dojo, yaani ukumbi wa mazoezi ya karate, mwaka 1958 alikuwa bingwa wa kucheza cha-cha Hong Kong, na alikuwa na kijikaratasi ameandika staili 108 za cha-cha, mwaka uliofuata akapanda meli kwenda Marekani na humo humo melini akawa anawafundisha abiria kudansi. Jackie Chan naye watu wanadhani ni mtu wa mateke tu, kumbe amekulia kwenye shule ya opera ya Kichina pale Hong Kong chini ya mwalimu Yu Jim-yuen, miaka kama 10 hivi, na kule walikuwa hawakufundishi kupigana peke yake, ni kuimba, sarakasi, kuigiza na silaha, vyote mtoto mmoja siku moja, na ndo maana mpaka leo jamaa ana albamu zake za kuimba kabisa. Ukimgeuza upande wa pili unampata Elvis Presley, huyu ni mwanamuziki, karate aliianza akiwa mwanajeshi Ujerumani, mkanda mweusi akapata mwaka 1960, na miaka ya 70 pale Las Vegas alikuwa anarusha mateke stejini katikati ya nyimbo. Kwa hapa Afrika mtafute Johnny Clegg wa Afrika Kusini, aliyefariki 2019. Mzungu yule, akiwa bado kijana mdogo alikuwa anaingia kwenye hosteli za wafanyakazi Wazulu kujifunza ngoma zao, zile za kivita, mguu unapanda mpaka usawa wa kichwa alafu unashuka chini puu, polisi wa makaburu wakawa wanamkamata na bado anarudi, baadae akaja kuimba huku anacheza hivyo hivyo na Sipho Mchunu kwenye bendi ya Juluka.

Sasa angalia kitu kimoja. Hakuna hata mmoja hapo aliyeanza na vitatu kwa mkupuo akiwa hajui hata kimoja vizuri, ukimtoa Jackie ambaye shule yake ilikuwa imeviunganisha tangu mwanzo. Kila mmoja alikuwa na uti wa mgongo wake, vingine vikaja kushikilia hapo. Wewe uti wako ni karate, umeshaianza toka la nne, kwahiyo usiiache eti kwa sababu prodyuza hajaielewa.

Ila prodyuza nae ana pointi, tuwe wakweli. Shoo nyingi za hivi nilizoziona hapa mjini zimepangwa vibaya: kijana anaimba beti mbili, biti linakatwa, wanatoka watu wanapigana pigana kimya kimya na kuvunja mbao, alafu biti linarudi wanadansi. Hapo hujachanganya kitu bana, umepanga foleni. Mtu mezani anaendelea na kuku wake akisubiri mateke yaishe.

Kinachounganisha ni mdundo, na kwa hilo wewe huna haja ya kwenda Hong Kong, panda gari nenda Chamwino. Kaangalie kina mama wa Kigogo wanavyopiga muheme. Ngoma imebanwa katikati ya mapaja, magoti yamekaza kwa ndani, mgongo umeinama kidogo, mikono inapiga, mabega yanatikisika, mdomo unaimba, na miguu bado inatembea! Alafu wewe wa Goju-ryu unajua msimamo wa sanchin, magoti ndani, tumbo gumu, nyayo zimeng'ang'ania chini. Simama pembeni ya wale mama ujaribu sanchin yako ukiwa umebana ngoma, dakika tatu tu, ndo utajua nani ana mkanda mweusi hapo. Wewe umezungukwa na huo utajiri alafu unatafuta biti la kupakua mtandaoni. Weka muheme chini ya wimbo wako, weka zeze, weka njuga miguuni ili kila ukikanyaga au kurusha teke watu wasikie mguu, hapo teke linakuwa ala ya muziki na sio mapambo.

Na pwani kuna kirumbizi, hiyo ni ngoma ya fimbo ya Waswahili, Pemba wanacheza, Lamu wanacheza, ngoma na zumari vinalia, wanaume wawili wanaingia na fimbo wanachapana na kukingana kwa kufuata mdundo. Kwahiyo huyo anayekwambia mapigano na muziki haviendani mwambie babu zetu hawakupata hiyo taarifa.

Kitu cha pili ni pumzi, hapa ndo wengi wanafeli alafu wanakimbilia pleibaki. Kwenye karate pumzi inatoka kwa mkupuo pamoja na pigo, ule ukelele wa kupigia unaoitwa kiai ndo huo. Kwenye kuimba pumzi unaibania, unaitoa kidogo kidogo mpaka mstari uishe. Sasa ukirusha teke katikati ya mstari kimoja lazima kife, ama neno linakatika ama teke linakuwa legelege. Panga wimbo wako hivi: mstari unaimba ukiwa kwenye msimamo au unatembea taratibu, teke linakuja mwisho wa mstari, na kiai iwe ndo kiitikio, kundi lako lote linaitikia kwa kiai kwenye mdundo, yaani ukumbi wa harusi ukiitika kiai mara mbili tatu hakuna atakayekumbuka kuku. Mazoezini imba wimbo mzima huku unaruka kamba, ukiweza kumaliza bila kuhema hema ndo uende stejini. Na tafuta maiki ya kichwani, hiyo ya mkononi itakuja kumtoa mtu jino.

Kuhusu sensei, usibishane nae. Muulize vizuri akuoneshe wapi hasa misimamo imeharibika, maana inawezekana ni kweli. Wanaodansi wanazoea kukaa juu juu na kudundadunda, Goju-ryu inakutaka ukae chini. Tenganisha siku, dojo iwe dojo. Na magoti yako yatunze, kumbi zetu nyingi chini ni vigae au zege, ukishuka kutoka kwenye teke la kuruka kila Jumamosi bila hata kapeti, ukifika 30 utakuwa unapanda ngazi kama mimi.

Kama unataka shule kuna TaSUBa kule Bagamoyo, ndo ile ile iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, wanafundisha ngoma, muziki, maigizo na sarakasi, unatoka hapa na treni ya SGR mpaka Dar alafu unaunganisha. Na ujue Bagamoyo ndo alikoishi na kufanya kazi marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa hapa hapa kwetu, aliimba, akapiga ilimba, ile marimba ya vidole ya Kigogo, na zeze, akacheza, dunia nzima ikamsikia mpaka anafariki 2003, na wala hakuna aliyemwambia achague kimoja. Uhasibu wa mama nao usiudharau, nimeona wasanii wengi wana shoo kila wikiendi na hawajui hela inaenda wapi.

Anko habari za kazi. Binti yangu yupo form two, shuleni amejiunga na taekwondo na kanisani yupo kwaya, na nyumbani anadansi kutwa nzima. Wamama wenzangu wa jumuiya wananisema eti mtoto wa kike mateke yatamharibu kizazi na adabu itaisha. Nimkataze?
Mama Binti, Kongwa

Nzuri dada yangu, pole na maneno. Usimkataze. Hilo la kizazi ni maneno ya kisimani, wanawake wanashindana taekwondo kwenye Olimpiki tangu mwaka 2000 na wengi wana watoto wao. Mwambie binti amsome Michelle Yeoh wa Malaysia, yeye alianza na baleti utotoni, akaenda Uingereza kuisomea, mgongo ukaumia, ndoto ya baleti ikaishia hapo. Akaingia kwenye filamu za mapigano Hong Kong akiwa hana mkanda wowote, alichukua yale mapigano akayasoma kama anavyosoma hatua za dansi, na mwaka 2023 akiwa na miaka 60 akachukua Oscar ya mwigizaji bora wa kike. Kuhusu adabu kamuangalie mwalimu wake akiwa kazini, nenda bila kutoa taarifa. Angalia kama wanainamiana kabla ya kuanza, kama anamshika mtoto vizuri anapomrekebisha, na kama kuna mtu mzima mwingine pale. Ukiridhika, hao wamama waalike kwenye shoo ya shule.

Eti Anko capoeira, ule mchezo wa mapigano unaochezwa na muziki, ni ya Wabrazili au ni ya kwetu Waafrika? Hapa UDOM tumebishana mpaka tumenuniana.
Wabishi wa Hosteli

Nyote mna haki ila wa Afrika ana haki kidogo zaidi. Imezaliwa Brazil, ila walioizaa ni Waafrika waliopelekwa utumwani kule, wengi wametoka Angola na Kongo, na ile berimbau, upinde wenye waya mmoja na kibuyu, ni ndugu kabisa wa pinde za muziki za Afrika ya kati na kusini. Brazil waliipiga marufuku kwenye sheria ya mwaka 1890, ukikamatwa unacheza unafungwa. Mwalimu mmoja wa capoeira, Mestre Bimba, akafungua shule yake Salvador miaka ya 1930 ikaanza kupata heshima, na 2014 UNESCO wakaiweka kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Yule wa Chang'ombe nae asome hapa: kwenye capoeira anayeamua kasi ya mchezo ni berimbau, ikipungua mnapungua, ikichemka mnachemka, mpiganaji hana sauti. Haya peaneni mikono.

Anko tulifanya shoo ya sarakasi na kudansi kwenye harusi Kondoa, kamati ikatulipa nusu, nyingine wanasema bwana harusi kasafiri. Na sasa kuna kundi lingine limechukua wimbo wetu na hatua zetu zote. Tufanyaje?
Tumechoka, Kondoa

Nusu iliyobaki mdai mwenyekiti wa kamati, sio bwana harusi, maana aliyewaita ni kamati, na nendeni na meseji zenu zote za makubaliano kwenye simu. Safari nyingine mkataba wa ukurasa mmoja, nusu siku ya kukubaliana na nusu kabla maiki haijawashwa, mkishamaliza kucheza hamna tena cha kuwabana nacho. Kuhusu wimbo, sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda muziki na pia kazi za uchezaji zilizobuniwa, ila teke moja au hatua moja peke yake sio mali ya mtu, kinacholindwa ni kazi nzima mliyoipanga. Sajilini kundi BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, wimbo upelekeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na ile klipu ya zamani ya mazoezi yenu iliyo na tarehe msiifute kwenye simu hata kama imejaa, futeni za harusi.