Mafuta kwenye uji wa mtoto (wifi yangu, hata wewe soma)

Juzi mama mmoja wa Morogoro kaniandikia. Mwanawe ana miezi tisa, na kila akitia kijiko cha mafuta kwenye uji, mama mkwe anaumwaga: eti mafuta yatamziba mtoto moyo. Akamalizia, "Dada, mimi ndiye mkorofi au?" Nilicheka, halafu usingizi ukanipaa. Kesi hiyo naijua, ila kwangu hakimu alikuwa wifi.

Mwanangu wa pili alikuwa na miezi minane mstari wake wa uzito kwenye kadi ya kliniki ulipolala. Kula anakula, uji wa dona bakuli linaisha. Nesi wa zamu, mama mtu mzima, akaomba kuuona huo uji. Akaufungua, akauchota na kuuinua kijiko juu. Ukachuruzika wote. "Mwanangu, hapa kuna maji mengi na wanga kidogo. Tumbo lake dogo hili, likishajaa maji, nguvu itakaa wapi?"

Hesabu yake ilikuwa rahisi. Gramu moja ya wanga au ya protini inaupa mwili kalori 4. Gramu moja ya mafuta inatoa 9. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ni kama kalori 40, na bakuli haliongezeki ukubwa.

Nikaanza kutia mawese ya Kigoma. Uji ukawa rangi ya chungwa, bibu zote zikashika madoa yasiyotoka kwa sabuni yoyote. Wifi akaja kututembelea, akaliona bakuli, na mbele ya wageni akasema: "Wifi, mtoto unampikia uji au unamkaanga?" Sebule nzima ikacheka. Mume wangu naye akacheka. Hilo bado sijalisahau, na simfichi mtu.

Basi nikarudi kwenye madaftari yangu ya baiolojia. Kinachoitwa lipidi ni ukoo mzima wa vitu visivyoyeyuka kwenye maji. Tawi tunalolijua jikoni ni mafuta yenyewe: molekuli moja ndogo iitwayo gliseroli, iliyoshika asidi tatu za mafuta. Asidi zikijaa haidrojeni, mafuta huelekea kuganda, kama samli. Zisipojaa hubaki majimaji, kama alizeti na ufuta. Tawi lingine ni fosfolipidi, zenye kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia. Zikijipanga safu mbili, mikia ndani, ndio utando wa kila seli uliyo nayo. Halafu kuna kolesteroli, huyu mwenye jina baya mjini. Ini lako linaitengeneza lenyewe kila siku, kwa sababu mwili unaitumia kuunda homoni za uzazi, chumvi za nyongo na vitamini D.

Kwa mtoto mambo ni mazito zaidi. Miaka ya mwanzo nyuzi za neva zake zinavikwa ala iitwayo mieleni, na sehemu kubwa ya ala hiyo ni lipidi. Ndiyo inayofanya ujumbe wa ubongo uende kasi. Vitamini A, D, E na K zinahitaji mafuta ili zifyonzwe vizuri utumboni. Karoti na boga vikisagwa bila tone la mafuta, karotini nyingi, ile ambayo mwili huigeuza vitamini A, inaishia kwenye nepi. Na maziwa ya mama je? Karibu nusu ya nguvu yake inatokana na mafuta, na kolesteroli imo. Mungu angekuwa hataki mtoto apate mafuta, asingeyatia kwenye titi.

Miezi iliyofuata naruka, ilikuwa kupika na kufua bibu tu. Mstari ukapanda. Leo yuko darasa la kwanza, ana mbio huyo, na wifi akimwona anasema, "Mwili kachukua kwa baba yake." Sawa.

Ushauri wangu ni mfupi. Punguza maji, uji uwe mzito. Ukishaiva, tia kijiko kimoja cha chai cha mafuta, au karanga zilizosagwa laini kabisa. Kimoja, jamani, msije mkamwaga nusu kikombe. Mafuta yaliyokwisha kaangia chipsi usimpe. Maziwa ya mama yaendelee. Na mstari ukilala, kliniki kwanza, maana mafuta hayatibu malaria wala minyoo.

Mama mkwe naye hajatunga kila kitu. Kwa sisi watu wazima, mafuta yaliyojaa haidrojeni yakizidi hupandisha LDL, ile kolesteroli inayojijenga kwenye kuta za mishipa. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta hayo yasizidi asilimia 10 ya nguvu tunayokula kwa siku, na yale ya transi (hasa mafuta ya mimea yaliyogandishwa kiwandani) yasizidi asilimia 1. Kwa hiyo woga wake una msingi, ila kaupeleka kwenye bakuli lisilo lake. Mwanamke anayejua anachomlisha mwanawe asirudishwe nyuma na kicheko cha sebuleni. Soma, uliza, simama.

Wewe wa Morogoro, siku ya kupima uzito nenda na mama mkwe. Mpe yeye ambebe mtoto, mpe na kadi aishike, umwache nesi azungumze naye. Mpaka siku hiyo ifike, chupa ya mafuta ihamishie chumbani kwako.