Figo za kijana mwenye kisukari: anza na mkojo wa asubuhi

Kijana mwenye kisukari akianza kuamka macho yamevimba, au viatu vikimbana ifikapo jioni, mara nyingi figo zimeshaumia zamani. Zinapoanza kuharibika haziumi. Dalili ya kwanza ni albumini, protini ya damu inayovuja kidogo kidogo kwenye mkojo, na hiyo huonekana maabara tu.

Hapa Tanga wengi hupimwa kwa kijiti kinachochovywa kwenye mkojo. Jibu likija "hakuna protini", mzazi hurudi nyumbani moyo umetulia. Lakini kijiti cha kawaida hubadilika rangi protini ikiwa imeshakuwa nyingi. Kile kiasi kidogo cha mwanzo hakikioni. Omba kipimo cha uwiano wa albumini na kreatinini, yaani taka ya misuli ambayo figo huitoa kwenye mkojo. Chini ya miligramu 30 kwa gramu ni salama. Kati ya 30 na 300 figo zimeanza kuvuja, na huu ndio wakati ambao matibabu yana faida kubwa. Maabara nyingine huandika miligramu kwa milimoli badala ya kwa gramu. Huko mpaka ni 3. Kreatinini ya damu peke yake isikuridhishe, kwa sababu inaweza kubaki ya kawaida hata kazi ya figo ikiwa imepungua sana.

Mwenye kisukari cha aina ya pili apimwe tangu siku anayogunduliwa. Wa aina ya kwanza aanze akishakaa na ugonjwa miaka 5, akiwa amebalehe au ametimiza miaka 10. Baada ya hapo ni kila mwaka.

Mkojo wenyewe uchukuliwe vizuri. Kijana akojoe kabla ya kulala, kisha akiamka kwenye mkojo wa kwanza aache utoke kidogo, ndipo akinge ule wa katikati kwenye kikopo cha maabara. Chupa ya soda iliyooshwa kwa sabuni haifai. Mkojo wa mchana unaweza kudanganya, kwani baadhi ya vijana huvuja protini wakiwa wamesimama tu, na figo zao ni nzima. Vilevile aliyecheza mpira jana, mwenye homa, aliye kwenye hedhi au ambaye sukari imepanda sana, asubiri. Jibu moja baya halitoshi kumwita mtu mgonjwa wa figo: mkojo urudiwe, na vipimo 2 kati ya 3 ndani ya miezi 3 hadi 6 vikubaliane.

Kuna jambo la pwani yetu ambalo miongozo ya nchi za baridi hailitaji: kichocho. Kijana aliyezoea kuoga mtoni au kwenye madimbwi anaweza kuwa na damu na protini kwenye mkojo bila kisukari kuhusika. Damu ikitoka mwishoni mwa kukojoa, mayai ya kichocho yatafutwe. Yakionekana, atibiwe kwanza kwa prazikwanteli, ndipo albumini ipimwe upya. Tunalisisitiza hili maana kosa linaumiza pande zote mbili: mwenye kichocho huanzishiwa dawa za figo, na mwenye figo mbovu huambiwa ni kichocho tu.

Presha nayo ipimwe kila kliniki, hata kwa kijana mwembamba. Diklofenaki na brufeni za dukani zisiwe dawa ya kila maumivu, kwani zinaweza kuumiza figo. Ng'onda na papa mkavu vilowekwe na maji yamwagwe, kwa kuwa chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai.

Na sukari ikianza kushuka mara kwa mara kwa dozi ileile ya insulini, baada ya miaka mingi ya ugonjwa, msishangilie kwamba anapona. Figo dhaifu huchelewa kuiondoa insulini mwilini. Nendeni kliniki wiki hiyohiyo.

Uvujaji ukithibitishwa, daktari huweza kuanzisha enalaprili au losartani, ambazo hupunguza shinikizo ndani ya figo. Msichana anayezitumia amweleze daktari kabla ya kupanga mimba ili abadilishiwe, kwani dawa hizi hudhuru figo za mtoto aliye tumboni.