Kabla hujauliza kwa nini inachekesha, andika nani kacheka kwanza

Wanafunzi wengi wa isimu wanaotaka kuandika tasnifu juu ya ucheshi hukosea mwanzoni kabisa. Wanakusanya vichekesho hamsini, wanavigawa kwa mada (ndoa, siasa, mpira), kisha wanaeleza kimoja kimoja kwa nini kinachekesha. Msomaji anaishia kusoma vichekesho vilivyoelezwa, ambavyo ni sawa na chai iliyopoa, na hakuna popote palipoonyeshwa kwamba kuna mtu aliyewahi kuvicheka.

Anza na kicheko. Rekodi watu wakiongea, tafuta kila mahali mtu alipocheka au alipotarajiwa kucheka akanyamaza, kisha rudi nyuma zamu mbili tatu za kuongea uone kilichotangulia. Mwanasaikolojia Robert Provine alifanya kazi ya namna hii huko Marekani kwa vicheko 1,200 vya watu waliokuwa katika mazungumzo ya kawaida. Alikuta kwamba msemaji hucheka zaidi kuliko anayemsikiliza, na kwamba ni kama asilimia 10 hadi 20 tu ya kauli zilizotangulia kicheko zilizokuwa na chochote cha kuchekesha. Nyingine zilikuwa za aina ya "haya, tutaonana". Kaa kijiweni Magomeni nusu saa utaona jambo lenyewe. "Nikopeshe buku tano basi, heh heh" si kichekesho. Ni ombi lenye aibu, na kicheko kimewekwa hapo ili likikataliwa pasiwe na aliyeumbuka.

Kurekodi

Simu ya kawaida inatosha, ila si kwa mipangilio iliyokuja nayo. Tafuta programu inayohifadhi faili la WAV, sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16, chaneli moja. Saa moja inakula kama MB 320, kwa hiyo punguza picha na video kwanza. Kisha zima kipengele cha kupunguza kelele, na hapa ndipo wengi wanapopoteza data bila kujua. Kipengele hicho kimetengenezwa ili kibakize maneno na kufuta mengine yote, na sehemu kubwa ya kicheko ni pumzi. Ile "hh" ndogo ya puani inafutwa pamoja na mlio wa feni, nawe unaandika kwamba fulani hakucheka. Kwa sababu hiyohiyo usikubali mtu akutumie mazungumzo kama sauti ya WhatsApp, maana imeshabanwa.

Watu wakizidi watatu, weka simu mbili, moja kila upande, na upige kofi moja mwanzoni ili baadaye uweze kuyaoanisha mafaili. Dakika kumi za mwanzo usizichambue, watu bado wanaitazama simu.

Idhini ni kabla ya kurekodi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na sauti ya mtu ni taarifa yake. Hoja ya kwamba wakijua hawatacheka haina mashiko. Kikombe cha pili cha kahawa kikipita wameshasahau. Majina yabadilishe, lakini kwa uangalifu, kwa sababu utani mwingi umejengwa juu ya jina lenyewe. Mangi usimgeuze Juma. Chagua jina lenye idadi ileile ya silabi na linalobeba asili au dini ileile, na kama mzaha unacheza na sauti za jina, tafuta lenye sauti za karibu.

Kunukuu

Kunukuu hapa ni kuyaandika mazungumzo uliyorekodi, pamoja na vicheko na mikimya yake. Tumia ELAN, programu ya bure kutoka Taasisi ya Max Planck ya Nijmegen, Uholanzi. Kila msemaji mpe mstari wake, na kila msemaji mpe mstari wa pili wa vicheko peke yake. Ukichanganya maneno na vicheko kwenye mstari mmoja, siku ya kuhesabu utajuta. Mikimya ipime kwa Praat, programu ya kuchambua sauti, nayo ni bure.

Alama ni zile za Gail Jefferson, mchambuzi wa mazungumzo: (0.8) ni ukimya wa sehemu nane za kumi za sekunde, mabano ya mraba ni watu wawili kusema kwa pamoja, (h) ni pumzi ya kicheko iliyoingia ndani ya neno, na viduara ° ° ni sauti ya chini. Dakika moja ya watu wanne wanaokatishana inaweza kukumaliza saa nzima, kwa hiyo usinukuu yote. Sikiliza faili zima, weka alama penye kicheko, kisha nukuu kwa kina sekunde 30 za kabla na 15 za baada.

Mfano huu ni wa kutunga, ila yeyote anayepanda daladala ataujua:

1 Konda: Sogea nyuma anko, nyuma kweupe
2 (0.8)
3 Abiria: Labda nipande ju(h)u ya keria heh
4 (0.3)
5 Konda: Juu nauli [ni ileile
6 Abiria: [hah hah hah
7 Mama: °Mh°

Abiria amecheka mwenyewe kwanza, ndani ya neno "juu". Jefferson alionyesha mwaka 1979 kwamba kicheko cha namna hii ni mwaliko: msemaji anamfungulia mwenzake mlango acheke pia. Konda hakucheka. Mchambuzi mwenye haraka ataandika kwamba mzaha umefeli, kumbe mstari wa 5 ndio mapokezi yenyewe, kwa kuwa konda ameingia ndani ya mzaha na kuuendeleza kwa sauti kavu ya kibiashara. Mwanaisimu Jennifer Hay, katika makala ya 2001, anahesabu kuongeza mzaha kuwa njia mojawapo ya kuunga mkono mzaha, sawa na kicheko. Anatenganisha pia kutambua kwamba mtu anatania, kuelewa utani, na kuufurahia. Sasa tazama "Mh" ya mama. Ametambua, ameelewa, na hakufurahia. Ukiwa na safu moja tu ya "amecheka au hakucheka", mama na konda watawekwa kapu moja, ilhali mmoja kaubeba mzaha na mwingine kauweka chini.

Ukimya wa mstari wa 2 nao una kazi. Amri imetolewa, abiria hakusogea wala hakujibu. Baada ya sekunde 0.8 za kutotii, mzaha ndio namna ya kukataa bila kugombana.

Mbuzi mmoja, mbuzi moja

Baada ya hapo ndipo uingie kwenye kichekesho chenyewe. Mwanaisimu Victor Raskin, 1985, alieleza kwamba matini ya kuchekesha huweza kusomwa kwa skripti mbili zinazokinzana, yaani mafurushi mawili ya maarifa kuhusu jambo. Mwaka 1991 yeye na Salvatore Attardo walipanua nadharia kuwa na vipengele sita: ukinzani wa skripti, mbinu ya kimantiki, mazingira, mlengwa (yaani anayechekwa), mtindo wa usimulizi na lugha.

Chukua hiki: "Nyumba ile wana mbuzi, lakini majani hawajawahi kununua. Wananunua nazi." Skripti ni mnyama dhidi ya kifaa cha kukunia. Mbinu ni neno moja lenye maana mbili. Mazingira ni nyumba na manunuzi yake. Mlengwa hayupo, na nadharia inaruhusu nafasi hiyo kubaki wazi. Wanafunzi huijaza kwa nguvu wakidhani wamesahau kitu. Usimulizi ni kauli mbili fupi, ya pili ikigeuza ya kwanza.

Kipengele cha lugha ndicho kinachohitaji Mswahili mwenyewe. Jaribu kuongeza neno moja: "wana mbuzi mmoja". Hapo ni mnyama tu, na nazi ikija msikilizaji anasema umemdanganya. "Wana mbuzi moja": hapo ni kifaa tu, na fumbo limefichuka kabla ya kufika. Upatanisho wa ngeli ni msaliti wa mchezo wa maneno. Anayetania kwa Kiswahili lazima apite katikati bila kugusa kivumishi wala kiwakilishi kitakachotaja ngeli, ndiyo maana hapo juu imesemwa "wana mbuzi" ikaachwa. Ukichambua mzaha wa aina hii, andika kila mahali upatanisho ulipokwepwa. Makala zinazohamisha mifano ya Kiingereza kuja kwetu hazigusi jambo hili, kwa kuwa Kiingereza hakina ngeli za kusaliti.

Upatanisho huohuo ukivunjwa kwa makusudi unakuwa mzaha. "Kijana amefika" ni taarifa. "Kijana kimefika" ni dhihaka, kwa sababu mtu ameshushwa akawekwa na viti na vijiko. Mkazo nao usiuache: barabára ni njia, barábara ni sawasawa, kwa hiyo mzaha huo unaishi kwenye maandishi na unakufa mdomoni.

Utani si kila mzaha

Hapa ndipo tasnifu nyingi huharibika. Mtafiti anaweka safu ya "uchokozi" na kuhesabu matusi, kisha anahitimisha kwamba watu wa Dar es Salaam wana ucheshi mkali. Kwanza alipaswa kuuliza: hawa ni watani? Mwanaanthropolojia Radcliffe-Brown, mwaka 1940, aliueleza uhusiano huu kuwa ni ule ambao mila inamruhusu mtu, pengine inamlazimu, kumtania mwenzake, na mwenzake hatakiwi kukasirika. Babu na mjukuu wanataniana. Mzaramo na Mnyamwezi, Mchaga na Mpare, hali kadhalika. Msibani mtani anaweza kulala njiani jeneza lisipite mpaka apewe chochote, na mfiwa akacheka huku machozi hayajakauka. Anayeandika hapo "uhasama" amesoma maneno akaacha uhusiano.

Kwa hiyo kabla ya kuchambua, jaza kwa kila jozi ya wasemaji: udugu, kabila, umri, nani ana ruhusa ya kumtania nani, na kama ruhusa ni ya pande zote. Kisha wasikilizishe washiriki kipande na uwaulize kitenzi gani kinafaa: kamtania, kamkejeli, kamdhihaki, kampiga kijembe, kampa mipasho? Maneno haya hayabadilishani nafasi. Kijembe kina mtu wa kuchomwa, na mara nyingi yuko palepale akijifanya hakusikia. Ndiyo maana si vizuri kutumia "kijembe" kutafsiri kile Attardo anachokitenga kama mchomo wa katikati ya hadithi, tofauti na ule wa mwisho. Neno lina kazi yake tayari.

Simba na Yanga ni mfano rahisi kupatikana. Ni klabu za mpira za Dar es Salaam, za 1936 na 1935, na magazeti yanaziita watani wa jadi kila wiki ya mechi. "Utopolo" (kwa Yanga) na "Makolo" (kwa Simba) ni utani kwa shabiki wa upande wa pili unayemfahamu. Kwa usiyemfahamu, timu yake ikiwa imetoka kufungwa, chunga.

Redio, katuni na simu

Kwenye vyombo vya habari kuna hadhira mbili: waliomo studioni na walio nyumbani. Kicheko cha mtangazaji mwenza ni sehemu ya onyesho, kihesabu peke yake. Kicheko kilichobandikwa na mhariri wa video kitoe kabisa. Utakijua kwa kuwa kinajirudia chenyewe kwa chenyewe. Katuni iandikie safu mbili, picha na maneno, kisha ufunike moja uone kama mzaha unabaki. Kwenye ujumbe wa simu, "hahaha", "teh teh" na kikaragosi cha machozi visihesabiwe kama kitu kimoja: kikaragosi mwishoni mwa ombi la hela kinafanya kazi ileile ya "heh heh" ya kijiweni.

Misimu inahitaji uangalifu wake. Noti ya shilingi 10,000 kuitwa "wekundu wa Msimbazi" kunamtaka msikilizaji ajue rangi ya noti, rangi ya jezi ya Simba na mtaa yalipo makao ya klabu hiyo. Akikosa kimoja hacheki. Uta Reuster-Jahn na Roland Kießling walichapisha mwaka 2006 faharasa ya maneno kama 1,100 ya lugha ya mitaani. Ilinganishe na unayoyasikia leo, na kila neno liandikie siku na mahali ulipolisikia, hata kama ni "kituoni Mbagala, asubuhi, konda kwa konda".