Barua kwa mwanangu: Amua kabla njaa haijakubana

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na mama yako anakusalimu sana. Umeniuliza nawezaje kudumu na mlo wa wanga kidogo ilhali kazi yangu ni ya zamu, wakati wewe unatoka nyumbani alfajiri, unarudi usiku, na ukijihesabia siku unakuta umekula mikate na biskuti kutwa. Ukauliza tena kama ni uvivu. Mtu anayeamka saa 11 alfajiri kila siku kwenda kutafuta riziki simwiti mvivu.

Tatizo lako ni saa unayoamulia. Unaamua utakula nini njaa ikiwa imeshakubana, na njaa haina subira, inachukua kilicho karibu. Kilicho karibu na mtu mwenye haraka karibu siku zote ni wanga, kwa sababu mkate hauhitaji jiko, hauchachi kwa siku moja, na unaliwa huku unatembea. Nyama na mboga zinataka mtu azishughulikie mapema. Basi hamisha hiyo saa.

Mimi siku ya mapumziko napika protini tu. Zile ratiba za wiki nzima, zenye kifungua kinywa cha Jumanne na chajio cha Alhamisi, siziwezi, na nakujua, nawe hutaziweza. Nachemsha mayai, nakaanga kuku au samaki wa kutosha, basi. Mayai nayatumbukiza maji yakishachemka, nayaacha dakika 12, kisha nayahamishia kwenye maji baridi palepale yapoe humo. Ukianza kuyagonga upande ule mpana, penye kifuko cha hewa, ganda linabanduka vizuri. Ila usiyamenye mapema. Yakiwa na ganda yanakaa kwenye friji hadi wiki moja. Kuku na samaki waliopikwa usiwapitishe siku 3 au 4, na chakula kisikae mezani zaidi ya saa 2 ukijiambia utakirudisha baadaye.

Ukifika nyumbani usiku, inayobaki ni mboga. Kata kabichi nyembamba kama nyuzi, tia mafuta kwenye kikaango kikiwa kimeshapata moto, weka kitunguu na chumvi, geuzageuza dakika 5 huku kuku wako wa jana anapata moto pembeni. Usiiache ilegee, itoke bado inalia menoni. Utakuwa umeshakula kabla wali haujakauka maji.

Najua utataka hesabu. Yai moja lina kama gramu 6 za protini, na wanga wake haufiki gramu 1. Kipande cha mkate kina gramu 12 hadi 15 za wanga, kikombe cha wali uliopikwa kama 45. Kopo la soda la mililita 330 lina takribani gramu 35 za sukari, nayo ni wanga, na ukishalimaliza bado una njaa ileile. Kwa hiyo anzia kwenye vinywaji, ndiko unakopunguza kingi bila kuumia. Kwa kawaida mlo unaitwa wa wanga kidogo usipofika gramu 130 kwa siku. Wapo wanaoshuka hadi kati ya 20 na 50, ndio hao wa keto. Kwa maisha yako ya sasa sikushauri uende huko. Chini ya 130 bado una nafasi ya tunda, maharage kidogo, hata wali wa vijiko vichache siku umealikwa.

Vitu vya pakiti, soma lebo, na usome pia idadi ya walaji waliokusudiwa. Pakiti inaandika gramu 15, kumbe ni kwa nusu yake, na hakuna mtu anayekula nusu pakiti.

Kwenye mikutano yenye biskuti mezani, ingia umeshakula mayai yako 2. Sina mbinu nyingine hapo.

Wiki ya kwanza mizani itakufurahisha kupita kiasi. Mwili huhifadhi wanga kwenye ini na misuli pamoja na maji, kama gramu 3 za maji kwa kila gramu 1, na akiba hiyo ikiisha maji yanatoka na chumvi nayo. Ndiyo maana kichwa kinaweza kuuma na mwili ukalegea siku za mwanzo. Kunywa maji na supu yenye chumvi. Baada ya hapo kilo zitapungua polepole, usiseme mlo umegoma. Na usiufanye dini. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitoa matokeo ya watu wazima 609 waliofuatiliwa miezi 12, wengine wakipunguza wanga na wengine mafuta. Tofauti ya uzito kati ya makundi hayo haikuwa ya maana. Mimi nimebaki na huu kwa sababu nyama na mboga zinanishibisha hadi zamu inaisha. Ukiona wewe haukushibishi, tutazungumza mengine.

La mwisho, umeuliza kama mama yako aanze pamoja nawe mtiane moyo. Asianze bado. Anatumia dawa za kisukari, na akikata wanga ghafla huku kipimo cha dawa ni kilekile, sukari inaweza kushuka mno: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa. Insulini ndivyo ilivyo, na baadhi ya vidonge pia. Hata dawa za presha huenda zikahitaji kupunguzwa. Daktari apange dozi kwanza, ndipo abadilishe sahani. Kliniki yake ni wiki ijayo, nitakwenda naye, na majibu nitakupigia simu jioni hiyohiyo.

Baba yako