Kula Guangzhou bila wasiwasi: namna ya kuutumia mgahawa mdogo wa mtaani

Wafanyabiashara wengi wa Afrika Mashariki wanaokwenda Guangzhou, kusini mwa China, kufunga mzigo hushinda kutwa nzima wakichagua viwanda, wakipima vitambaa na kubishana juu ya bei, kisha jioni hula kuku wa kukaanga na chipsi katika maduka ya kampuni zile zile za Kimarekani walizoziacha nyumbani, au husonga ugali chumbani kwa unga waliousafirisha katika begi. Siwalaumu, kwa sababu uchovu wa masoko yale ni mkubwa, na kwa Mwislamu hofu ya kula nyama ya nguruwe bila kujua ni hofu ya haki kabisa. Hata hivyo, katika safari zangu nimekuwa na desturi nyingine ambayo imenipunguzia gharama na imenifanya nile vizuri: kila ninapofikia, hutafuta mgahawa mmoja mdogo wa Kichina uliopo hatua chache kutoka hotelini, wenye meza zisizozidi kumi hivi, nikajua unapika nini vizuri, na nikarudi hapo hapo mpaka siku ya kuondoka.

Sababu ya kusisitiza udogo ni jiko. Mgahawa wa aina hiyo huwa na mpishi mmoja au wawili, mara nyingi mume na mke wenye mgahawa, na chakula chao huishia kwa majirani ambao wangehama upesi kama kingeharibika. Menyu iliyobandikwa ukutani inaweza kuwa na vyakula hamsini, lakini ukikaa dakika chache na kutazama meza za wenyeji utaona vitatu au vinne vinavyojirudia, na hivyo ndivyo vya kuagiza. Mimi humwita mwenye mgahawa, laoban, nikamwonyesha kwa kiganja kilichofunguliwa sahani iliyo kwenye meza ya jirani, naye huelewa mara moja. Njia hiyo ni ya uhakika kuliko programu ya kutafsiri kwenye simu, ambayo huyageuza majina ya vyakula vya Kichina kuwa mafumbo yasiyomsaidia mwenye njaa.

Kwa Mwislamu, na kwa yeyote asiyekula nguruwe, pa kuanzia ni mgahawa wa tambi za nyama ya ng'ombe za Lanzhou. Lanzhou ni mji mkuu wa jimbo la Gansu, kaskazini-magharibi mwa China, na tambi hizo ni chakula cha Wahui, yaani Waislamu wanaozungumza Kichina, ingawa wengi wa wanaoendesha migahawa hiyo katika miji ya kusini wanatoka wilaya ya Hualong katika jimbo jirani la Qinghai. Mtaa wa Xiaobei, ambako wageni wengi kutoka Afrika hufikia, haukosi migahawa ya namna hiyo, na iko pia katika mitaa mingi ya jiji ambako hutamwona mgeni hata mmoja. Alama ya kutafuta ni herufi mbili za Kichina zinazosomwa qingzhen, ambazo huandikwa kwenye vyakula na migahawa ya Waislamu. Zihifadhi kama picha katika simu yako kabla ya kusafiri. Usitegemee maandishi ya Kiarabu, kwa kuwa miaka ya karibuni yameondolewa kwenye mabango ya migahawa katika sehemu nyingi za nchi hiyo. Ukiwa bado na shaka, nenda kuswali Ijumaa katika Msikiti wa Xianxian, karibu na Bustani ya Yuexiu, kisha waulize waumini wenyewe wanakula wapi, kwani hakuna orodha ya mtandaoni itakayokupa jibu la kuaminika kuliko hilo.

Bakuli la tambi hizo lina kanuni ambayo Wachina huitaja kwa rangi: mchuzi uwe mwangavu, figili ziwe nyeupe, mafuta ya pilipili yawe mekundu, giligilani na majani ya kitunguu saumu yawe ya kijani, na tambi zenyewe ziwe za manjano. Rangi hiyo ya manjano na ule mvutano wa tambi mdomoni hutokana na unga wa ngano kukandwa kwa kitu cha jamii ya magadi, ambacho zamani kilitokana na majivu ya mmea wa jangwani. Mpishi huvuta donge la unga kwa mikono, akalikunja na kulivuta tena, na katika muda usiozidi dakika chache bakuli linakuwa mezani. Mteja huchagua unene, na hapo ndipo wageni wengi hupoteza uhondo, kwa sababu hawajui kwamba wanaweza kuchagua. Ziko nyembamba kama nywele, ziko za mviringo wa kati, ziko bapa, ziko pana kama mkanda. Ushauri wangu ni uanze na zile za mviringo zilizonenepa kidogo, ambazo hazilegei upesi katika mchuzi wa moto; zile nyembamba sana hupendeza machoni lakini humtaka mtu ale haraka.

Usitarajie kipande kikubwa cha nyama. Bakuli la kawaida, ambalo huuzwa kati ya yuani 10 na 20, huwa na vipande vichache vyembamba vya nyama ya ng'ombe, na anayetaka zaidi huongeza sahani ya nyama kwa bei yake, pamoja na yai la kuchemsha. Siki na mafuta ya pilipili yapo mezani bila malipo. Siki hiyo ni nyeusi na si kali kama ile ya dukani kwetu, na kijiko kimoja hubadilisha mchuzi wote. Ni jambo dogo, lakini kwangu ndilo linalotenganisha bakuli la kawaida na bakuli la kukumbuka. Mkiwa watu watatu au wanne, wacheni tambi za mtu mmoja mmoja mkaagize sahani kubwa ya kuku waliopikwa kwa viazi, pilipili hoho na viungo, chakula chenye asili ya eneo la Xinjiang ambacho huletwa na tambi pana za kuchanganya katika mchuzi wake, pamoja na mishikaki ya kondoo iliyopakwa binzari nyembamba na pilipili. Sijamwona mtu wa pwani aliyeshindwa kula chakula hicho. Adabu moja tu ya kushika: usiingie na pombe katika mgahawa wa Waislamu, hata kama umeinunua duka la pili.

Mgahawa wa Kikantoni, yaani wa wenyeji wa Guangzhou wenyewe, una utaratibu tofauti, na wasiokula nguruwe wanapaswa kuuingia kwa tahadhari. Orodha ya vyakula ikiandika "nyama" bila kutaja mnyama, elewa kuwa ni nguruwe. Hata sahani inayoonekana kuwa ya mboga tupu inaweza kuwa nayo: maharage mabichi ya kukaanga mara nyingi hunyunyiziwa nyama ya kusaga, na wali wa chungu unaweza kutiwa mafuta ya nguruwe ili ukoko wake ukauke na kunukia. Kumwambia mhudumu kwamba huli nguruwe hakutoshi, kwa kuwa yeye ataondoa vipande vya nyama na kuacha mafuta, tena kwa nia njema kabisa. Andika katika simu, kwa Kichina, kwamba huli nyama wala mafuta ya nguruwe, umwonyeshe mpishi mwenyewe. Hata hivyo karai lake ni lile lile linalopika nguruwe mchana kutwa, na kuku wake hawakuchinjwa kwa kisomo, kwa hiyo kila mtu apime kwa kadiri ya dini yake. Mimi nikiwa na shaka hurudi kwenye tambi.

Kwa asiye na mwiko huo, au anayeridhika na samaki na mboga, mgahawa wa Kikantoni ni hazina. Mara tu ukikaa, huletewa buli la chai au maji ya moto pamoja na bakuli kubwa tupu, na wenyeji huanza kwa kusuuza vikombe, vijiko na vijiti kwa ile chai, wakamwaga maji machafu katika bakuli hilo. Fanya kama wao, wala usidhani kuwa unamtukana mwenye mgahawa. Mtu akikumiminia chai, gonga meza polepole kwa ncha za vidole viwili. Hiyo ndiyo shukrani, na haikatizi mazungumzo. Buli likiisha, acha mfuniko wake wazi kidogo, watalijaza. Chai hiyo hutozwa kwa kichwa, na vyombo vilivyofungwa katika plastiki hutozwa pia, yuani moja au mbili hivi, jambo ambalo wengine wetu huligombania kwenye hesabu kana kwamba wameibiwa, ilhali mwenyeji wa meza ya pili amelipa vile vile.

Samaki ndiye wa kuangaliwa zaidi, kwa ladha na kwa bei. Wakantoni humpika samaki mzima kwa mvuke dakika chache tu, wakamtandazia tangawizi na majani ya vitunguu, kisha wakamwagia mafuta ya moto na sosi ya soya nyepesi. Mtu aliyezoea samaki wa kukaanga mpaka akauke atasema hajaiva, lakini avumilie mpaka tonge la tatu. Kuhusu bei, fahamu kwamba ile iliyoandikwa kwa kawaida ni ya jin moja, yaani gramu 500, na si ya samaki mzima, kwa hiyo omba apimwe mbele yako akiwa hai na uandikiwe jumla kabla hajaingia jikoni. Na upande wa juu ukiisha, usimpindue. Toa mfupa wa kati, mle upande wa chini. Watu wa pwani ya Guangdong, jimbo lenye mji wa Guangzhou, huona kuwa kumpindua samaki ni kukipindua chombo baharini, na sisi tuliokulia karibu na ngalawa hatuna sababu ya kuwacheka.

Kwa mboga, uliza majani ya viazi vitamu yaliyokaangwa kwa kitunguu saumu. Ni matembele yale yale tunayoyajua, ila hukaa motoni muda mfupi sana na hubaki na rangi yake. Ongeza mchicha au mboga nyingine ya msimu, na hapo mna mlo kamili.

Idadi ya kuagiza ni sahani moja kwa kila mtu na labda supu juu yake, zote zikiwekwa katikati kwa ajili ya wote. Wali mweupe usipouomba unaweza usiletwe, au ukaletwa mwishoni, kwa kuwa kwao wali ni wa kushibia baada ya kuonja vitoweo. Anayetaka kula wali na mchuzi kwa pamoja aseme hivyo mapema. Sahani huja moja moja kadiri zinavyoiva, na hakuna haja ya kusubiri zikamilike. Mchukulie kwanza mkubwa wenu kipande kizuri. Vijiti usivisimamishe katika bakuli la wali, kwa kuwa huonekana kama ubani unaowashwa kwa ajili ya wafu, na kama huwezi kuvitumia, omba kijiko bila aibu. Hakuna atakayekucheka katika mgahawa wa majirani, watakaokucheka ni wenzako uliosafiri nao.

Saa za kula ni jambo linalowaumiza wengi. Masoko hutufanya tutoke saa tisa alasiri tukiwa na njaa, na saa hiyo majiko mengi ya Kikantoni yamezimwa na mpishi amelala juu ya viti, kwani chakula cha mchana huanza kama saa tano na nusu na kuisha kabla ya saa nane, na cha jioni huanza karibu saa kumi na moja na nusu. Mgahawa wa tambi kwa kawaida hupika kutwa, na hii ni sababu nyingine ya kuuweka karibu. Wakati wa maonyesho makubwa ya biashara ya Canton, jina la zamani la Guangzhou, yanayofanyika mara mbili kwa mwaka, majira ya Aprili na ya Oktoba, wahi zaidi, kwa sababu hata vichochoro hujaa.

Malipo hufanywa kwa kuskani alama iliyobandikwa mezani. Tangu mwaka 2023 mgeni anaweza kuunganisha kadi yake ya Visa au Mastercard na Alipay au WeChat, programu za Kichina za kulipia kwa simu, na malipo yasiyozidi yuani 200 hayatozwi ile ada ya asilimia 3 ya malipo makubwa zaidi, kwa hiyo mlo wa kawaida hautakuongezea gharama. Iunganishe ukiwa bado nyumbani, ambako ujumbe wa uthibitisho wa benki utaingia katika laini yako bila shida. Beba pia noti ndogo ndogo, kwani sheria inamtaka muuzaji apokee fedha taslimu lakini haimpi chenji ya noti ya 100. Bakshishi haitolewi, ukiacha pesa mezani, mhudumu atakukimbiza barabarani akurudishie.

Chakula kikibaki, sema dabao, nawe utaletewa kopo kwa yuani moja au mbili. Wali, nyama na mboga hufungwa vizuri. Tambi zilizokwisha kuingia katika mchuzi ziache, zitavimba kabla hujafika kwenye lifti. Ukitaka kuzila chumbani, agiza tangu mwanzo mchuzi na tambi vifungwe mbalimbali.