Kabla Katapila Halijafika, Kaeni Kikao

Dada mmoja wa upande wa Mkwaja kanitumia meseji wiki hii. Bibi yao kafariki, kaacha nyumba ya mawe ya zamani, na kuna mtu keshatoa bei, anataka avunje ajenge gesti. Ndugu nusu wanataka hela, nusu wanalia. Ananiuliza afanyeje. Najua wengi mnaonisoma mna nyumba kama hiyo huko kwenu na hamtaki ipotee, kwa hiyo namjibu hapa tusome wote.

Dada yangu, mnunuzi si adui yako wa kwanza. Adui ni mirathi isiyofunguliwa.

Kwetu Pangani ukoo wetu ulikuwa na nyumba mbili karibu na mto, kuta za matumbawe na chokaa, dari ya boriti za mikoko, baraza mbele, ya babu yetu na ya kaka yake. Ile ya kaka yake babu haikuuliwa na katapila, mi nasema wazi. Iliuliwa na watu waliokaa miaka bila kikao, kila mtu anasema ni yangu na hakuna anayepeleka hata bati moja. Wa kwanza kuondoka ulikuwa mlango wa nakshi, ukauzwa usiku na mmoja wetu kwa mtu wa mjini, mpaka leo hakuna anayejitokeza kusema kapata shilingi ngapi. Mlango ukishatoka watu wanaona nyumba haina mwenyewe, wakaanza kuchomoa boriti wakapikie, mvua ikaingia juu, dari ikaanguka. Halafu ndo akaja mnunuzi, na alichonunua kilikuwa kiwanja tu maana nyumba ilishakufa. Katapila likamaliza asubuhi moja. Leo pale kuna fremu za tofali za blok, na mimi nikipita napita upande wa pili wa barabara. Bado inaniuma jamani, siwezi kusema uongo.

Na huu ni mji ambao Abushiri aliwasha moto dhidi ya Wajerumani 1888, wakamnyonga hapohapo Desemba 1889. Mkonge uliobeba uchumi wa Tanga nzima nao mbegu yake ililetwa mkoa huu na Mjerumani mtaalamu wa kilimo, Hindorf, mwaka 1893, na ukienda kwenye mashamba ya zamani utakuta nyumba za mameneja miti imeota ndani.

Ya babu yetu iko wima. Nasema kwa fahari kabisa. Baba alipofariki, shangazi mkubwa akatuita wote, hata walioko Dar, akasema hatoki mtu hapa mpaka tukubaliane. Tukaandika muhtasari wa kikao, tukaenda Mahakama ya Mwanzo, shangazi akawa msimamizi wa mirathi. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kuuza hata kitasa. Wawili waliotaka hela yao tukawalipa kidogo kidogo.

Kwa hiyo dada, kikao kwanza. Kikao kabla ya fundi, kabla ya mnunuzi, kabla ya kulia.

Pili ni paa. Nyumba ya matumbawe inafia juu, maji yakishapata njia kwenye boriti na ukuta unafuata. Kama hamna hela ya kitu kingine chochote zibeni paa. Boriti mpya za mikoko usikate kiholela, nenda watu wa misitu wakupe kibali.

Tatu, fundi akikwambia tupige lipu ya saruji ndo imara, mkatalie. Ukuta wa chokaa unapumua, unyevu unaingia na kutoka, sasa ukiufunika na saruji maji na chumvi vinabaki ndani, vinakula matumbawe taratibu, na lipu inakuja kudondoka na ngozi ya ukuta. Tafuteni mzee anayejua chokaa hata kama kazi yake inaenda polepole. Kwetu ilienda polepole kweli na wapangaji wa vyumba vya mbele walilalamika, ila ukuta umekauka.

Na sheria ipo watu wangu. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya 1863, na ya baadaye Waziri anaweza kuyatangaza yalindwe. Kwa hiyo ulizeni wazee nyumba imejengwa lini, andikeni, pigeni picha mlango, dari, baraza, kila kona, mpelekeeni afisa utamaduni wa wilaya kwa barua na mbaki na nakala yenye mhuri. Mimi ofisi moja walinizungusha mpaka nikachoka, lakini ile nakala ndo ilinisaidia jirani alipotaka kusogeza msingi wake kwenye ukuta wetu.

Tena fanyeni sasa hivi. Barabara ya lami ya Tanga–Pangani kwenda Bagamoyo inajengwa, na daraja la mto, na mimi naitaka hiyo barabara kuliko mtu yeyote maana nimekula vumbi lake tangu utoto. Ila lami inapanda na bei ya viwanja, na ndugu aliyekuwa kimya miaka yote atakumbuka ghafla kwamba na yeye ni mrithi. Huyo naye mwiteni kwenye kikao, mapema, kabla hajaitwa na dalali.