Taa za manjano na boneti iliyofifia

SWALI: Nina gari la Toyota Celica la mwaka 2000, hapa Kampala. Taa za mbele zimekuwa manjano na boneti imepauka. Fedha ni kidogo. Nianzie wapi?
Msomaji, Ntinda

JIBU: Ndugu yetu, anza na taa, maana ndizo uso wa gari. Kioo chake ni plastiki, na umanjano ni tabaka la kinga lililoliwa na jua. Dawa ya meno hung'arisha kwa muda mfupi tu kwa sababu hairudishi kinga hiyo.

Bandika selotepu ya karatasi kuzunguka taa, tabaka mbili. Sugua kwa msasa wa maji namba 800, kisha 1500, kisha 2000, ukilowesha kila mara kwa maji yenye sabuni kidogo. Mwanzoni maji yatatoka ya manjano. Usihamie 1500 kabla hayajawa meupe. Wengi hukosea pia kwa kuiharakisha 1500: mikwaruzo ya 800 hubaki na kuonekana usiku. Futa kwa spiriti, acha ikauke, pulizia vanishi ya magari yenye kinga ya jua, tabaka mbili nyembamba, dakika kumi katikati. Fanya kivulini, pasipo vumbi.

Boneti iangalie kwanza. Ikiwa imepauka tu, polishi ya kukwangua itatosha. Ikiwa vanishi, yaani tabaka angavu juu ya rangi, inabanduka kama ngozi ya kitunguu, usipoteze polishi. Ipigwe rangi upya, boneti peke yake.

Rimu na spoila zisubiri.